Mjomba na Waitaliano Wake

Katika ukoo wetu pale Nyololo, mtaalamu wa Waitaliano ni Mjomba. Italia hajafika, na Kiitaliano chake kinaishia kwenye "pronto", anayoitumia kupokea simu za wateja wa mbao. Utaalamu wenyewe kaurithi. Babu alikuwa kibarua wa mtaro wa bomba la TAZAMA, lile lililojengwa na kampuni ya Kiitaliano ya Snam Progetti baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia kubaki ikihangaika pa kupitishia mafuta. Bomba likakamilika mwaka 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likapita ukanda wetu huu wa Iringa na Mbeya. Babu alirudi nyumbani na koleo moja, ambalo hakuna aliyethubutu kuuliza kalipataje, pamoja na hadithi za wasimamizi waliogombana asubuhi nzima mikono ikipepea hewani, halafu saa sita wakakaa kuizunguka sufuria moja ya tambi, wanacheka.

Kwa hiyo binti wa mama mdogo alipohitimu pale Mkwawa, akatangaza kwamba safari hii hakuna pilau la nyumbani, tutakula mkahawa wa Kiitaliano huko huko Iringa mjini, Mjomba alikuwa wa kwanza kuunga mkono.

"Waitaliano niachieni mimi," alisema.

Tukamwachia. Tukakodi Noah, tukajazana ndani na masweta yetu, ukungu haujainuka, pamoja na jogoo wa kumpongeza mhitimu. Ni zaidi ya kilomita 100, na kote huko Mjomba alikuwa anafundisha. Tulipopita Mafinga alikuwa amefika kwa mapadri wa Konsolata, waliotoka Torino wakaingia Iringa mwaka 1919 kushika nafasi ya Wabenediktini wa Kijerumani walioondolewa na vita. "Zaidi ya miaka mia," alisema, "wanakula ugali wetu na hawajalalamika. Leo na sisi tutakula chakula chao, na sitaki kumwona mtu anakunja uso."

Mkahawa uko kwenye nyumba iliyowahi kuwa ya masista. Una ua mzuri, maua, na utulivu wa kitawa ambao ulidumu mpaka tulipoingia sisi. Meza zilikuwa za watu wanne wanne. Mjomba alizitazama kwa huzuni.

"Binti, sisi ni nyumba moja," akamwambia mhudumu. "Tangu lini nyumba moja ikala kwa mafungu?"

Meza zikaunganishwa. Jogoo akawekwa chini, miguu imefungwa. Mhudumu akauliza, kwa adabu kabisa, kama huyo ni wa kupelekwa jikoni. Mhitimu akaziba uso kwa kofia yake ya mahafali.

"Huyo ni mwalikwa," alisema Mjomba.

Akavaa miwani, akaanza kuipitia orodha ya vyakula kuanzia juu, kwa sauti. Vingi alivipita kama mtu anayevifahamu. Akaganda kwenye polenta.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Ni unga wa mahindi ya njano, mzee. Unasongwa kwenye maji ya moto."

"Unasongwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa mwiko?"

"Kwa mwiko."

Miwani ikavuliwa. Na kweli, kaskazini mwa Italia, huko huko walikotoka mapadri wake wa Torino, polenta ndiyo iliyoshibisha wakulima kwa vizazi. Mahindi waliyapata kutoka Amerika, kama sisi tulivyoyapata. Maana yake wale mapadri hawakuja kuuvumilia ugali Uhehe. Waliukuta umewatangulia. Miaka mia ya sifa ikaporomoka mezani, mbele ya watoto.

Lakini kilichomuuma zaidi ilikuwa rangi. Watu wa umri wa Mjomba wanaukumbuka unga wa njano wa msaada, ule ulioitwa yanga, na foleni zake. Mjomba ni Simba damu. Kula yanga wakati wa njaa alikubali kwa sababu njaa haina timu.

"Nitoke Nyololo," alisema taratibu, "nipite Mafinga, nije kulipia yanga?"

Tukaagiza piza.

Bibi hakuagiza kitu ila chai. Ujana wake aliumalizia kuchuma chai kwenye mashamba ya Mufindi, na nje ya nyumbani hicho ndicho kinywaji pekee anachokiamini. Chai ikaja. Katikati ya meza kulikuwa na kibakuli cha jibini iliyosagwa, nyeupe, laini, na kijiko chake ndani. Ninaamini kabisa kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya alichofanya Bibi. Alitia vijiko vitatu, akakoroga, akanywa. Akatulia kidogo, macho juu.

"Sukari yao imechacha," akasema, akaongeza cha nne ili kurekebisha.

Hakuna aliyemsahihisha. Kikombe kilikwisha. Mhudumu alipouliza kama anaongezewa, Bibi alikubali, ila akaomba aletewe sukari mpya.

Piza zilikawia, na Mjomba hawezi kukaa karibu na moshi bila kujua unatoka kwa kuni gani. Akainuka. Tukaona mgongo wake ukiishia mlango wa jikoni, tukasikia "Kamwene!", na ikaitikiwa "Kamwene!" kwa lafudhi safi ya kwetu. Mpishi alikuwa kijana wa Kihehe. Muitaliano hatukumwona siku nzima, na mtaalamu wetu akabaki na utaalamu wake bila wa kumwonesha.

Alirudi mara moja tu, kiwiko kina masizi.

"Wanachoma mlingoti mbichi," alitutangazia. "Tanuri zuri namna ile! Hapo inatakiwa miwati iliyokauka." Akageuka, akarudi alikotoka.

Kwa hiyo piza zilipofika, kila moja mbele ya mwenyewe, mkuu wa msafara hakuwepo. Shangazi akachukua madaraka. Zote katikati. Akaomba maji ya kunawa, na yule mhudumu, ambaye kufikia hapo alishakuwa mtoto wa nyumbani, akaleta jagi na beseni, akaanza na Bibi. Uma na visu vikasogezwa kando. Mimi Dar nimekula piza kwa uma na kisu miaka mingi ili nionekane, na nasema hapa kwamba nilikuwa najitesa bure.

Jibini ilikuwa mozzarella kutoka Njombe, ambako kiwanda cha maziwa kilisimama kwa msaada wa CEFA, shirika la Waitaliano wa Bologna. Mtoto mdogo kuliko wote alivuta kipande chake, jibini ikamfuata. Akarudi nyuma, ikamfuata. Alishafika kwenye maua, ukoo mzima unashauri kwa kelele, Bibi alipopaza sauti: "Mlenda huo! Zungusha kidole, ukate!" Akazungusha, ikakatika. Jogoo akaokota kilichodondoka.

Mjomba akatokea jikoni anang'aa. Mpishi kamwambia kwamba zamani Waitaliano walikuwa wanaimwaga polenta juu ya ubao katikati ya meza, ikitandazwa, kila mtu anakula kuanzia upande wake kwenda kati. "Ubao!" alirudia. "Nimemuuliza mti gani, hajui." Akaketi, akamegewa, akaonja mvinyo wa Dodoma baada ya kuuliza, kama anavyouliza kwenye ulanzi, kama ni mtogwa, yaani mtamu, au mkangafu, yaani mkali. Mhudumu alimjibu bila kucheka kwamba ni mkangafu, mzee.

Bili ikaja. Mjomba aliisoma mara mbili, akauliza bei ya mwisho. Akaambiwa ndiyo hiyo. Akauliza kama hiyo ni bei hata kwa mtu aliyerekebisha tanuri. Ndiyo hiyo. Akalipa huku anatazama pembeni, kisha akaenda kusimama na mpishi kwenye ngazi ya jikoni, wakapeana namba.

Jumatano simu yake iliita tukiwa kibarazani. "Pronto," akasema. Walikuwa wanataka miwati iliyokauka, mzigo wa Kenta nzima. Akataja bei. Shangazi, aliyekuwa anachambua mboga, akaacha mkono hewani, kwa sababu bei ile Nyololo haijawahi kutajwa na mtu.

"Hiyo ndiyo ya mwisho," Mjomba alisema kwenye simu, na akanikonyeza.