Jinsi ya Kujenga Bwawa la Mchanga na Kuuza Mchanga Wake

Mheshimiwa mdhamini, hongera kwa kuteuliwa. Wakfu wako una mifuko miwili, wa kutoa na wa kuzalisha. Huko Marekani sheria huwataka wenzako watoe takriban asilimia 5 ya mali yao kila mwaka. Hiyo 5 ivalie fulana na kofia. Ile 95 usiulize imelala wapi.

Anzia Kitui au Makueni, kwenye mto unaojaa siku chache za mvua kisha ukabaki mchanga mtupu. Watu wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kijijini, watasomba mawe, wewe lete saruji. Ukuta ukisimama, mafuriko yatajaza mchanga nyuma yake msimu baada ya msimu, na maji yatajificha humo, robo ya ujazo au zaidi, jua lisiyaone. Mama atafukua kishimo, asubiri kijae, achote kwa kikombe mpaka mtungi wa lita 20 ujae. Mpige picha akiwa ameinama. Aliyesimama wima hachangishi.

Sasa mfuko wa pili. Nunua hisa za majumba ya Nairobi. Zege hula mchanga, na mchanga mzuri uko mito hiyohiyo. Ukibebwa, maji hayana tena pa kujificha. Unavuna mara mbili: gawio kwanza, kisha barua ya kuomba bwawa jingine. Kikwazo ni Makueni, ambako tangu 2015 kaunti ina sheria ya kudhibiti uvunaji wa mchanga. Sema hawaelewi maendeleo.

Ukiuchoka mchanga, Kitui ina makaa ya mawe ya bonde la Mui. Panda miche huku ukinunua makaa. Huo ndio ufundi. Ila mtambo wa umeme wa makaa uliopangwa Lamu ulifutiwa leseni 2019, kwa hiyo hata dhambi siku hizi haina faida ya uhakika.

Waogope waandishi wa habari. Mwaka 2007 Los Angeles Times iliandika kwamba wakfu wa Gates ulisaidia kuchanja watoto wa delta ya Niger, huku ukiwa na hisa katika kampuni za mafuta zilizokuwa zikichoma gesi hukohuko. Na usiwaige warithi wa Rockefeller: utajiri wao ulitoka kwenye mafuta, lakini 2014 wakfu wao mmoja ulitangaza kujitoa kwenye makaa ya mawe na mafuta. Utovu wa adabu kwa babu!

Akitokea kijana kwenye bodi akataka mwelekee kwenye maembe ya Makueni (kaunti ina kiwanda cha kuyasindika pale Kalamba) au asali ya Kitui, mnyamazishe. Mnaweza mkapata faida na maji kwa pamoja, halafu wakfu utafanya kazi gani?

Utepe wa bwawa tutaukata saa nne asubuhi. Wahi kufika, maana barabara ni moja na malori ya mchanga hayapishi.