Ndizi Nyekundu, Bei ya Kamera

Pale Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mgeni hulipa aongozwe migombani, aonyeshwe mfereji na majaruba ya mpunga, kisha apewe pombe ya ndizi ainywe amefumba jicho moja. Sina neno naye. Katoka mbali, na huko kwao ndizi huota dukani.

Neno langu ni kwetu wa mjini. Tulisoma ili tulikimbie jembe. Leo tunapanda Noah kutoka Arusha kwenda kulipiga picha. Juzi mwenzangu alikumbatia mgomba kama shangazi aliyerudi kutoka Uarabuni. Mama muuza ndizi nyekundu akamtazama, akauliza taratibu, “Mwanangu, kwenu hakuna migomba?”

Ipo. Imesongwa na magugu, na mamaye anayeipalilia peke yake hajapigiwa simu tangu Pasaka.

Jamaa akanunua mkungu mzima bila kupunguziwa hata shilingi. Tulipofika geti la Hifadhi ya Ziwa Manyara, nyani mmoja akapitisha mkono dirishani, akauchukua ule mkungu. Yeye hakuuliza bei wala hakupiga picha.