Turubai Litawekwa Wapi?

Kiwanja cha jirani kimeuzwa. Ukiisikia habari hiyo hapa mtaani kwetu Shanty Town, Moshi, anua nguo kwenye kamba haraka, kwa sababu vumbi la saruji halina adabu ya kubisha hodi. Palikuwa na nyumba moja tu ya kizamani, ya zile za enzi ya mkoloni: fupi, pana, yenye baraza la kunywea chai na uwanja ambao ng'ombe angeweza kupotea akatafutwa hadi magharibi. Sasa zinakuja nyumba kumi na mbili za kushikana ukuta, na nyuma yake apatimenti za kuuza, ghorofa nne. Mijakaranda miwili ya mbele imeshakatwa. Wa tatu umeachwa, nadhani kwa sababu ndio uliopigiliwa bango.

Bango linasema mradi umesanifiwa kuendana na mtaa wetu. Nalisoma kila nikitoka kununua mkate, na kila nikilisoma presha inapanda.

Sina ugomvi na ghorofa, naomba hilo lieleweke. Mji umefurika. Huko juu, Kibosho, Old Moshi, Marangu, kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kimegawiwa wana, wana wakawagawia wajukuu, na leo kuna mtu mzima anayejiita mwenye kihamba ilhali mali yake ni migomba michache na kaburi. Vijana wanashuka mjini, na mjini lazima walale mahali. Wapangwe juu kwa juu, sawa. Ninachouliza ni kama aliyechora ramani hii amewahi kukaa Moshi, au alipita tu na basi akatuona kupitia dirishani.

Mwenyekiti wa mtaa alituita tukamsikilize msanifu. Msanifu mwenyewe ni kijana mtanashati kutoka Dar es Salaam, viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na masika. Alianza kwa kutusalimu kwa Kichagga "Shimbonyi!" kwa sauti kubwa, akimwinamia bibi aliyekaa mstari wa mbele. Bibi akamtazama kwa huruma. "Marahaba mwanangu," akasema, "ila mimi ni Mpare."

Kijana hakutetereka. Akawasha projekta, akatuonyesha huko kuendana kwenyewe. Kibanda cha mlinzi kina umbo la msonge wa Kichagga, paa la majani likishuka karibu na ardhi. Ukuta wa barabarani umechorwa mgomba wenye mkungu mnene. Mlango mkuu umepambwa kwa masale ndani ya vyungu vya kauri. Apatimenti zimepewa majina ya njia za kupandia Mlima Kilimanjaro na kilele chake: ghorofa ya chini Marangu, inayofuata Machame, kisha Rongai, na ya juu kabisa, yenye bei ya kumfanya mtu azimie, inaitwa Uhuru. Lifti ni moja. Siku itakapogoma, wakazi wa Uhuru watahitaji wapagazi.

Yale masale niliyatazama kwa muda mrefu. Huku kwetu masale ndiyo mpaka wa kihamba, hupandwa pia kwenye makaburi, na mtu akikuletea jani lake ujue amekukosea na anakuja kuomba radhi. Nikaona mwekezaji huyu muungwana kweli, ametanguliza msamaha kabla hata hajamwaga zege.

Msonge nao uliniumiza. Msonge wa wazee ulikuwa na watu, ng'ombe, mbuzi na moto, vyote chini ya paa moja, na ule moshi wa jikoni ndio uliokausha majani na kufukuza wadudu. Kwenye mradi huu ndani ya msonge amewekwa askari mmoja na kiti cha plastiki. Majani yasiyopata moshi yanaoza. Ikifika Aprili, yule askari atakuwa ameketi ndani ya utamaduni wetu akiwa amefungua mwavuli.

Lakini hayo ni mapambo, na mapambo mtu unaweza kuyazoea. Kilichonipandisha jazba ni ramani yenyewe.

Mtoto yeyote wa Moshi anajua mlima uko kaskazini. Hujitokeza asubuhi na mapema, hujifunika mchana, jioni hurudi kutuaga. Nyumba za zamani za mtaa huu nyingi zina baraza au dirisha lililokaa kusubiri kilele cha Kibo kitoke. Sasa tazama ramani ya kijana: sebule zote zinaangalia kusini, barabarani, mahali bodaboda zinapopaki. Upande wa kaskazini amepanga vyoo, kila kimoja na kidirisha chake kidogo juu kabisa. Yaani mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895 na theluji yake, mwenye nyumba atauona akisimama juu ya sinki.

Mimi hata sinki la kusimamia sina. Jengo liko kaskazini mwangu, kwa hiyo mlima wangu unaondoka wote. Nilipolalamika nyumbani, mke wangu akaniambia, "Hata hivyo hukuwa unauangalia." Nilikuwa siuangalii kwa sababu nilijua upo! Mtu haangalii saa nzima kitu ambacho hakitaondoka. Ila hati ya kiwanja inataja mita za mraba tu, haitaji mlima, kwa hiyo sina pa kwenda kudai.

Halafu maji. Mlima uko juu yangu, mradi uko kati, mimi niko chini. Ule uwanja wa nyumba ya zamani ulikuwa unakunywa mvua yote ya masika bila kumsumbua mtu. Sasa utafunikwa pevingi, kwa ajili ya magari na ili viatu vyeupe visipate matope. Nikanyoosha mkono, nikauliza maji yataelekea wapi. "Kwenye mfereji wa mtaa, mzee," akajibu kwa furaha. Mfereji wa mtaa unapita getini kwangu na una upana wa sufuria. Wazee waliochimba mifongo, ile mifereji ya maji ya mlimani, hawakuwa na projekta, lakini waliyapitisha maji ubavuni mwa vilima kwa maili nyingi, na kila boma likajua zamu yake ya kumwagilia. Hakuna aliyeyaelekeza maji yake kwenye mlango wa mwenzake halafu akatabasamu.

Kama kijana angetaka kweli kujifunza ujenzi wa mahali hapa, angepanda daladala la Kibosho akaingia kihamba chochote kilichotunzwa. Kihamba ni ghorofa nne. Juu kabisa kuna mifuruanje na miti mingine mirefu yenye majani mepesi, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na sakafuni magimbi, maharage na mboga. Kila ghorofa inapitisha jua kidogo kwa ajili ya iliyo chini yake. Mkazi wa juu hamzibi mkazi wa chini, majani yake yakidondoka yanakuwa mbolea, na mahali pale pale pamelisha watu wengi kwa vizazi na vizazi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huo wa vihamba, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kwa hiyo sisi kupangana juu kwa juu tunakujua. Ila kijana amechukua mgomba akauchora ukutani, akaacha akili yake.

Wala sisemi mgeni hawezi. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilipotaka jengo la kujivunia katikati ya Moshi, kazi ilikwenda kwa Ernst May, Mjerumani aliyehamia Afrika Mashariki mwaka 1934. Na huyo May si mtu wa kubahatisha: kabla ya hapo alisimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba mjini Frankfurt, nyingi zikiwa za kushikana ukuta hizi hizi. Ndiye baba wa ugonjwa, ukipenda. Alipofika kwetu hakutujengea msonge mkubwa wa zege ili tujisikie nyumbani. Alijenga jengo la ghorofa, la kisasa kwa siku zile, lenye nafasi ya shughuli ambazo wenye kahawa walikuwa nazo, yakiwemo maduka chini. Limesimama hadi leo, na sijasikia mtu akilalamika kwamba halina mgomba.

Katika nyumba zake za Frankfurt ndimo lilimoingia jiko maarufu lililobuniwa na mama mmoja, Margarete Schütte-Lihotzky, mwaka 1926: jiko jembamba, chini ya mita mbili kwa mita tatu na nusu, kila kitu kikiwa karibu na mkono ili mpishi asitembee bure. Majiko ya mradi wetu ni madogo vile vile, tofauti ni kwamba yamefunguliwa upande wa sebule. Sasa mkaange samaki humo. Kochi litanuka hadi Pasaka. Na Schütte-Lihotzky, kwa heshima zote, alikuwa anaibunia familia ya Kijerumani ya watu wanne. Hakuwahi kuletewa taarifa saa tano asubuhi kwamba ukoo unakuja saa saba na mtori unatakiwa. Mwiko wa mtori peke yake ukiugeuza ndani ya jiko lile, unagonga friji upande mmoja na jirani upande wa pili. Mbege nayo ipikiwe wapi? Ndizi zinachemka siku nzima, ulezi unasubiri zamu, msesewe unatoa harufu yake. Mbele ya haya yote kijana ameandika "balkoni, mita mbili za mraba".

Na Desemba je? Msanifu ametenga nafasi ya gari moja kwa kila nyumba. Nikamweleza kwa upole: baba, mwezi wa kumi na mbili nusu ya Dar es Salaam inahamia huku. Gari la kwanza ni la mwenye nyumba, la pili la shemeji, la tatu lina mbuzi kwenye buti. Mbuzi huyo hashuki akaingia kwenye lifti. Anahitaji mti wa kufungwa, na mti mliukata mwezi uliopita.

Kisheria sina la kumshika. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, kila mtu na hati ya nyumba yake ndani ya jengo, halafu ngazi, paa na uwanja vikawa mali ya wote chini ya umoja wa wamiliki. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Lakini mimi nimekaa kwenye vikao vya harusi vya mtaa huu. Watu wanaogombana kuhusu rangi ya vitambaa vya meza hadi usiku wa manane, kesho wakae kikao cha kutengeneza pampu ya maji? Mkazi wa Marangu atasema yeye wa chini hatumii pampu. Mkazi wa Uhuru atasema yuko Dodoma, atatuma. Mweka hazina atakuwa shemeji wa mtu.

Basi msanifu akafika kwenye kile alichotuitia. Akaweka picha tatu za paa, jekundu, la kijivu, na lile la kufichwa nyuma ya ukuta ambalo mafundi wanalipenda kwa sababu likivuja huoni linakovuja. "Wazee wangu," akasema, "tunataka maoni yenu. Rangi ipi inaendana zaidi na mtaa?"

Nikasimama. Nikamwambia rangi weka utakayo, hata ya zambarau. Mimi nauliza kitu kimoja. Mtu wa ghorofa ya tatu akifiwa, turubai la msiba litawekwa wapi? Hapa kwetu marehemu analetwa nyumbani, watu wanaanza kujaa, viti vinakodiwa, masufuria yanawekwa juu ya mawe, akina mama wanakaa ndani, wanaume nje wanapanga safari ya kumpeleka kihambani akazikwe. Haya yote yanahitaji ardhi tupu, tena yenye geti pana. Uniambie ni wapi kwenye hiyo ramani.

Ukumbi mzima ukaitikia "Eeeh!" Nilikuwa nimeshika pabaya.

Kijana akafikiri kidogo. "Kwa shughuli za kijamii," akasema, "tumetenga eneo la juu ya paa. Lina vivuli na viti."

"Msiba juu ya paa?" akauliza mzee mmoja, fundi seremala mstaafu. "Na jeneza linapandaje?"

"Kwa lifti, mzee wangu."

"Lifti yenu inabeba nini?"

"Watu sita."

"Wamesimama?"

"Ndiyo, wamesimama."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Marehemu wetu huwa wanalala," akasema, akakaa.

Hapo nilijua tumeshinda. Watu walicheka, mwenyekiti akajifuta machozi, kijana akazima projekta. Nilikuwa najiandaa kupendekeza tuandike barua ya pingamizi kwa manispaa, saini zote zipatikane pale pale, wakati yule bibi wa Kipare alipoinua fimbo yake.

"Mwanangu," akamwambia msanifu, "hiyo Machame, siyo ya juu sana, magoti yangu hayataki. Ile ambayo choo chake kinaona mlima. Mnapokea kwa awamu?"

Msanifu akawasha projekta tena. Mwenyekiti wa mtaa akatoa kalamu mfukoni. Na mke wangu, aliyekuwa ameketi nyuma yangu muda wote bila kusema neno, akanigusa bega akaomba nisogeze kiti, namzibia asione bei.