Sushi ya Juu ya Bati

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alitangaza Jumatano usiku kwamba Jumapili tutakula Kijapani. Mama, aliyekuwa akichambua maharage, aliuliza kama Wajapani nao wanakula bugali. Alipojibiwa hapana, akaendelea kuchambua, ila sasa kwa kelele zaidi.

Wali haukutusumbua. Sushi inataka mchele wa punje fupi unaoshikana, na ule mrefu wa Pakistani haushikani hata ukiuombea. Lakini ng'ambo ya mpaka wa Petite Barrière, kule Gisenyi, kuna kigori, mchele wa mabonde ya Rwanda, ambao wengi huudharau kwa sababu hiyo hiyo ya kunata. Mama mmoja anayevuka mpaka kila asubuhi na beseni kichwani akatuletea. Siki, sukari, chumvi, basi.

Balaa likaja kwenye nori, ile karatasi nyeusi ya mwani inayofungia wali. Ziwa Kivu halitoi kitu cha namna hiyo. Zanzibar wanalima mwani, lakini mwingi huenda nje kwa viwanda vinavyoutoa utomvu wa kugandisha vyakula, na si wa aina ya kufanya karatasi. Shemeji alikuwa amesoma kwamba watu wa Edo, ndiyo Tokyo ya zamani, waliiga watengeneza karatasi: mwani unakatwakatwa, unatandazwa mwembamba, unaanikwa. Akauliza: kama ni hivyo, mboga yetu ya lenga-lenga ina kosa gani?

Lenga-lenga ikachemshwa, ikatwangwa kwenye kinu cha sombe, ikatandazwa juu ya kipande cha pazia na kupandishwa kwenye bati. Mtu wa Goma anajua kinachokaa juu ya bati. Lava ya mlima Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, na mpaka leo magari na chukudu zinayasaga mawe yake kuwa vumbi jeusi. Mchana upepo ukavuma. Jioni tukateremsha kitu cha rangi ya kijani na kijivu, kimekunjamana pembeni. Shemeji akavunja kipande, akatafuna. Mlio wa mchanga kwenye meno yake tuliusikia kutoka upande wa pili wa ua.

"Ina madini," alisema.

"Binti yangu," Mama akamwambia, "mlima huu nimeukimbia 2002, nikaukimbia tena 2021. Leo unataka niule?"

Jumapili wali ukafungiwa kwenye kimanda chembamba, jambo ambalo Wajapani wenyewe hulifanya, na hakuna aliyelitaja bati tena. Isipokuwa Mama: alilitaja mara moja tu, wakati wa sala ya chakula.

Kilichobaki ni tempura, ile ya kuchovya kwenye unga mwepesi na kukaanga, na hapo nikaanza kuwa na imani, kwa sababu samaki walikuwa sambaza wa soko la Kituku. Sambaza nao ni wageni: walitolewa Tanganyika na kumwagwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ufundi wa tempura ulifika Japani na Wareno katika karne ya 16. Kwa hiyo kwenye sufuria ile hakuna wa kumuuliza mwenzake kwao ni wapi. Unga wa ngano ulikorogwa kidogo tu na maji ya barafu, mabonge yakaachwa makusudi. Umeme ulikuwa umekatika, tukatoa mbabula nje, na kwa bidii yake shemeji akaijaza makala hadi mafuta yakaanza kutoa moshi. Sambaza wa kwanza waliungua nje wakabaki wabichi ndani. Mama akainuka bila kusema neno, akatoa makala matatu kwa koleo, akadondosha tone la unga: likazama, likapanda, likacheza. "Sasa," alisema. Kuanzia hapo koleo halikutoka mkononi mwake.

Mchuzi wa kuchovya ulitoka kwa ndagala. Wajapani hupika supu yao ya msingi kwa dagaa wakavu pia, wakiwatoa kichwa na tumbo ili isiwe chungu, kisha wakiwaloweka kabla ya kuchemsha taratibu. Shemeji alifanya hivyo, akaongeza sosi ya soya. Mama akaonja, akachomoa kipande cha Maggi kwenye kitenge chake na kukivunjia humo. Shemeji alitaka kulia. Mimi nilikumbuka kwamba ni Mjapani, Kikunae Ikeda, aliyegundua mwaka 1908 kwamba glutamati ndiyo inayoipa supu ya mwani utamu wake, na glutamati imo kwenye Maggi. Sikusema, maana walikuwa wawili na mmoja alishika koleo.

Harufu ikavuka ukuta. Jirani akachungulia langoni kuuliza tunakaanga nini. "Sambaza za Japani," Mama akamjibu, na bila kumuuliza yeyote kati yetu akamtajia bei ya fungu.