Namna ya Kumwelezea Mtu wa Bukoba Mkonge

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekusudia kueleza mmea, mji au kitu chake cha thamani hata aliye mbali akione. Nawaandikia vijana wa Usagara, hapa jijini Tanga, lakini wa Pangani na Mkinga hawazuiwi kuutumia.

Kwanza jichagulie msomaji. Nashauri awe mtu wa Bukoba. Amekulia migombani, ziwa analijua, ila mkonge ameuona dukani tu, umeshakuwa kamba. Usimwandikie mtu wa Korogwe. Yeye ukimtajia shamba la mkonge ataitikia papo hapo, nawe utadhani umeeleza.

Kisha futa "mandhari ya kuvutia". Maneno hayo yanafaa Lushoto, yanafaa Matema, yanafaa hata ukumbi wa harusi, na msomaji akiyafikia hupumzisha macho. Mtu wa Bukoba ana haki ya kuchomwa.

Achomwe na nini? Na mwiba. Panda gari la Muheza, shuka penye shamba, sogea mpaka ncha ya jani ikufikie mkononi. Jani la mkonge linaishia kwa mwiba mgumu, mweusi, na huo ndio uwe sentensi yako ya kwanza. Baada ya hapo rudi nyuma polepole kulifuata jani: linapita urefu wa mita moja, ni nene, kijani chake kimechanganyika na kijivu, halina kikonyo. Limechomoza kwenye kisiki kifupi, na wenzake wamekizunguka kisiki hicho pande zote, kila mmoja ameelekeza mwiba wake nje. Ndani ya jani moja mna singa zipatazo 1,000, ilhali uzito wa singa hizo zote ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Hesabu hiyo iandike, kwa sababu ndiyo inayoeleza kelele za korona, mashine ya kuchakata mkonge. Korona inaliponda jani, maji yanaosha nyama ya kijani, na singa zinatoka mbichi, ndefu, kwenda kuanikwa kwenye nyaya mpaka jua lizing'arishe. Takataka zinazobaki huchacha. Usimfiche msomaji harufu hiyo eti kwa kuwa umekuja kusifu.

Wala usieleze shamba lisilo na mikono. Majani hayo yalikatwa na manamba, vibarua wa mashambani waliotoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji, na wajukuu wao leo ni watu wa Tanga kama wewe.

Historia iingie pale inapobadilisha unachokitazama, basi. Asili ya mkonge ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62. Mimea 62 ni ya kujaza ua wa nyumba moja! Ukishalijua hilo, ile mistari iliyonyooka pale Ngomeni mpaka macho yachoke haiwezi kubaki kuwa mistari tu. Na ukiwa na subira utauona mkonge uliokomaa ukitoa mlingoti mmoja unaopita paa la nyumba, ukachanua juu kabisa, ukazaa vichipukizi vyake, kisha mmea mzima ukafa. Hapo usiongeze neno "huzuni". Lieleze tukio kwa mpangilio wake, linatosha.

Mwaka uleule wa 1893, huko Hannover, Hermann Wendland alilieleza kitaalamu ua dogo la Usambara, kutokana na mbegu zilizopelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Ndiyo Saintpaulia inayopamba madirisha ya dunia nzima. Wataalamu wa mimea ni walimu wazuri kwa sababu huhesabu: petali tano, vifuko viwili vya chavua vya njano, majani yenye vinyweleo. Wewe uongeze wanachokosa wenye madirisha: jabali lenye unyevu, kivuli cha msitu, na msitu wenyewe unaozidi kupungua. Hilo la mwisho liseme kwa sauti.

Mji ni mgumu zaidi, maana haukai kimya ukauchora. Chagua barabara moja ya Ngamiani, zile zinazoitwa kwa namba, uipite asubuhi watu wakila mbaazi za nazi na maandazi, uipite adhuhuri, uipite usiku. Andika kilichobadilika. Bandarini mwulize mzee yeyote habari za matishari, enzi meli zikitia nanga mbali na gati na mzigo ukiletwa nchi kavu kidogokidogo, naye atakupa Tanga ambayo picha haiwezi kukupa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa, alitoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, kwa hiyo mtu wa Tanga hana udhuru wa kuandika ovyo.

Sasa kitu chako cha thamani. Tuseme ni baiskeli ya marehemu baba, maana Tanga bila baiskeli si Tanga. Usiandike kwamba unaipenda. Andika tandiko lililobonyea upande wa kulia, rangi iliyolika kwenye usukani pale viganja vyake viliposhika, madigadi yaliyofungwa kwa waya, keria iliyozungushiwa mpira wa tyubu kuukuu ili gunia la nazi lisiteleze. Kengele ikiwa imekufa, iseme imekufa. Alama ya matumizi humleta mwenye kitu mbele ya msomaji, hata kama hukumtaja jina.

Ukimaliza, usiwapelekee rafiki zako, watakusifu. Mpelekee fundi baiskeli aliye chini ya mwembe wenu, umsomee huku akiziba pancha. Akikukatiza kwamba hicho ulichokiita chuma cha nyuma kina jina lake, liandike jina hilo pembeni, futa kifungu kizima, ukakiandike upya leo hii kabla hujalala.