Matatu Iliyolowa Sebuleni

Ugomvi wa ukuta uliingia nyumbani kwetu Uthiru siku Baba Njeri aliposhuka kwenye matatu na bomba refu la karatasi ngumu kwapani. Ndani mlikuwa na chapa ya mbao ya Dennis Muraguri: matatu iliyojaa michoro, makanga akining'inia mlangoni, abiria wamebanana madirishani. Shosho, mama yake, aliitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hiyo unayopanda kila asubuhi haikutoshi?"

Baba Njeri alimwonyesha ukingo wa chini. Kushoto, kwa penseli, kulikuwa na namba ya nakala yetu na jumla ya nakala zote. Kulia, sahihi ya msanii. Muraguri huchonga ubao, akaupaka wino, akaukandamiza kwenye karatasi, na idadi aliyoitangaza ikitimia, haongezi. Kwa kuwa nakala ni kadhaa, mwenye mshahara wa kawaida anaweza kujikaza akapata moja. Kwa kuwa zina kikomo, ikiharibika hakuna mbadala wa kukimbilia dukani.

Fundi mmoja wa mjini aliitia fremu. Aliibandika kwa selotepu juu ya hadibodi, kioo kikagusa wino. Tukaitundika sebuleni, kwenye ukuta unaopakana na bafu. Masika yalipokolea, bomba la maji la jirani wa juu likapasuka usiku. Kulipokucha, ukuta wote ulikuwa unatoka jasho, karatasi imevimba, na doa la kahawia linapanda kutoka chini.

Baba Njeri alikimbilia mashine ya kukausha nywele. Njeri akaleta pasi. Shosho aliwazuia wote wawili. Aliuza mboga soko la Kangemi tangu ujanani, na kwake kitu kilicholowa hakitaki papara. Alitutaka tulaze fremu kifudifudi, tutoe hadibodi polepole, na kioo kisivutwe mpaka karatasi ijiachie yenyewe. Kisha chapa ikawekwa katikati ya karatasi nyeupe za kunyonya maji, juu yake ubao bapa na vitabu vya shule. Karatasi hizo zilibadilishwa asubuhi na jioni. Meza ya kulia ikawa imetwaliwa. Ugali tukaulia magotini.

Kila alipobadilisha karatasi, Shosho aliikagua picha upya. Akaanza kutusimulia safari za alfajiri na magunia ya sukuma, abiria wakipangwa kama kuni, kabla ya kanuni za waziri wa uchukuzi Michuki za 2004 kuleta mikanda na ule mstari wa manjano. Alimjua makanga yule: siyo jina lake, bali kazi yake, sauti yake na uchovu wake wa jioni.

Baba Njeri akamweleza kuhusu Patrick Mukabi, anayejulikana kwa kuchora wanawake wa sokoni, wakubwa kuliko turubai inavyoweza kuwabeba, na kuhusu Joseph Bertiers wa Dagoretti, aliyeanza kwa kuchora mabango ya baa na bucha.

"Kumbe sisi tumo kwenye kuta za watu?" Shosho aliuliza.

Ndivyo ilivyo, lakini kwa muda mrefu kuta hizo hazikuwa zetu. Nyumba nyingi za Nairobi zimetundika twiga na machweo ya mbugani, huku kazi inayoulisha mji ikiachwa barabarani. Chapa yenye namba inaipa familia kama yetu nafasi ya kuhifadhi maisha inayoyajua, kwa bei inayoweza kuichangia.

Wino ulisalimika, doa limebaki pembeni. Safari hii fremu ina kadi isiyo na asidi inayoitenga picha na kioo, na inaning'inia koridoni, mbali na bafu na jua. Wageni wakija, anayewaeleza maana ya zile namba ni Shosho. Pesa zake za chama ameshazitengea kazi: anatafuta chapa ya mama mboga, na ameapa kwamba kwa fundi wa fremu ataenda mwenyewe.