Namna ya Kupanda Ngazi za Rali Ukitokea Kaoze, Bila Kukimbia Sana

Mdogo wangu, nimesikia unataka kuwa dereva wa mbio za magari. Vizuri sana. Usimtangazie kila mtu bado, maana swali la kwanza watakalokuuliza ni gari liko wapi, na hilo tutalijibu mbele kidogo. Leo nakupa njia za mkato. Kushinda tuwaachie wenye pesa, foleni yao ni ndefu. Wewe jifunze kumaliza. Kwenye rali za Afrika Mashariki anayemaliza huwa ameshawapita wengi bila hata kuwaona, na wenye magari ya kasi hawapendi ulijue hilo mapema.

Nikupe ushahidi usije ukadhani ni maneno ya kijiweni. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka kwenye rali ya East African Safari, yakarudi 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakarudi 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari ambalo babu yako angeweza kulipanda kwenda sokoni. Mvua na tope ndivyo vilivyowatoa wengine. Sasa niambie, mtoto aliyekulia Kaoze, bonde la Ziwa Rukwa, nani wa kumtisha kwa tope?

Hatua ya 1: Zaliwa vizuri

Hii ndiyo njia fupi kuliko zote. McRae Kimathi wa Kenya alipewa jina la Colin McRae, bingwa wa dunia wa 1995, na baba yake Phineas ni mtu wa rali. Hamza Anwar ni mtoto wa Azar Anwar, dereva. Maxine Wahome, aliyeshinda WRC3, daraja mojawapo la rali za dunia, kwenye Safari ya 2022, baba yake Jimmy naye aliendesha. Nyumba zao zilikuwa na spana na helmeti kabla hawajajua kusoma.

Kama umeshachelewa kuzaliwa hivyo, usinung'unike, songa hatua ya pili. Ila nikuambie ukweli, jambo hili linaniuma. Ufipa na bonde lake vimejaa vijana wenye mikono ya usukani na macho ya kusoma barabara, na hakuna anayekuja kuwatafuta. Ndiyo maana nakuandikia.

Hatua ya 2: Panda Fuso, tena kama utingo

Shule yako iko tayari na haina ada. Ni barabara inayotoka Sumbawanga, ikapita Ntendo, ikateremka Lyambalyamfipa hadi Muze, kisha ikafuata bonde kuelekea Kilyamatundu. Huko juu uko kwenye mita kama 1,800, chini uko kwenye mita kama 800. Omba kazi ya utingo kwenye gari la mpunga au mahindi na ukae karibu na dereva mzee. Usimwambie unasoma. Wazee hawapendi kuigwa, wanapenda kuombwa ushauri. Muulize kitu kimoja kila safari, atakueleza kumi, maana hakuna dereva mzee asiyependa kusikilizwa.

Kwenye mteremko, tazama mguu wake. Atashuka kwa gia ileile ambayo angepandia, injini inalia kwa sauti nzito, na breki anaigusa kidogo na kuiachia. Asiyejua anaikanyaga moja kwa moja mpaka harufu ya kuungua inaingia ndani, na akifika kona ya chini mguu unazama hadi sakafuni na gari halisimami. Hilo peke yake ni nusu ya elimu ya rali.

Bondeni, msimu wa mvua, soma udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kiatu. Ukilowa unanasa kwenye tairi mpaka meno ya tairi yanapotea. Dereva mzuri hasimami katikati. Anaingia na gia ya pili, mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, usukani anautikisa kidogo kidogo kutafuta sehemu ngumu, na hakanyagi mafuta kwa hasira. Ukiona anashuka na kutembea mbele ya gari, shuka naye. Anatazama mfereji wa matairi ya jana: ukiwa na maji yanayong'aa, chini kumelainika, ukiwa na nyasi zilizolazwa, kuna mtu amepita pembeni na akafanikiwa. Kwenye kijito atakata fimbo apime kina. Madereva wa Safari za zamani waliishi kwa maarifa hayo hayo.

Hatua ya 3: Kaa kiti cha kushoto

Vijana wote wanataka usukani. Waachie. Kiti cha msoma ramani hakina foleni, na ndicho mlango wa nyuma wa mchezo huu. Dereva lazima alete gari. Wewe leta macho, daftari na tumbo lisilotapika kwenye kona. Jifunze kuandika noti za njia: kona ya kushoto, ukali wake kwa namba, umbali hadi inayofuata, shimo liko upande gani. Zisome kwa sauti isiyopanda hata gari likiruka. Jizoeze ukiwa abiria wa kawaida kwenye basi la Tunduma, andika kona zote, halafu siku ya kurudi uone ulikosea wapi.

Usidhani unajishusha. Jean Todt alianza kwa kuwasomea wenzake noti, akaishia kuwa rais wa FIA, chama kinachotawala mbio za magari duniani, kuanzia 2009 hadi 2021. David Richards alikuwa kiti cha pembeni Ari Vatanen alipotwaa ubingwa wa dunia 1981, kisha akaanzisha Prodrive, kampuni iliyotengeneza Subaru za rali unazozibandika ukutani. Na jina la msoma ramani linabandikwa kwenye kioo sawa na la dereva, pamoja na bendera. Piga picha hiyo. Tuma kwa mama, tuma kwa mwalimu aliyesema hutafika popote. Sifa ni mafuta ya safari ndefu, usione haya kuzitumia.

Hatua ya 4: Chukua gari ambalo wengine wamelichoka

Joginder Singh wa Kenya alikuwa fundi wa gereji kabla ya kuwa shujaa. Mwaka 1965 alishinda Safari na mdogo wake Jaswant ndani ya Volvo PV544 lililokwisha kutumika, gari ambalo timu ya kiwanda ilikuwa imeliacha huku. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Lakini namba ninayoipenda kwake ni nyingine: aliingia Safari mara 22 akamaliza 19. Fundi anasikia boljointi ikilalamika kabla haijavunjika. Kwa hiyo ukirudi Sumbawanga mjini, nenda gereji, shika spana, na ufungue difu mpaka uweze kulifunga gizani.

Kisha dogosha gari. Mwaka 1993 Subaru walileta Safari vigari vitatu vya Vivio, injini cc 660, ambavyo hata bodaboda wangevicheka. Kimoja alipewa Colin McRae mwenyewe. Alikimbia kama alivyozoea, na gari lake halikufika mwisho. Patrick Njiru, Mkenya, alikitunza chake hadi mwisho, akawa wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Mwaka uliofuata akapewa Impreza na akamaliza wa 4. Umeona ngazi ilivyopandwa? Asiyevunja gari dogo ndiye wa kukabidhiwa kubwa.

Hatua ya 5: Tafuta daraja lenye watu wachache

Safari ya kwanza kabisa, mwaka 1953, iligawa magari kwa bei ya dukani, mwenye gari la bei ndogo akashindana na mwenzake wa bei ndogo. Hadi leo rali zina madaraja kwa injini na aina ya gari. Soma orodha ya washiriki kabla hujachagua. Ukiona daraja lina magari matatu, na moja limekuja likivuja oili, jiandikishe hapo haraka. Ukimaliza tu, uko jukwaani. Kombe halina alama ya kueleza mlikuwa wangapi, na anayetoa udhamini anataka picha ya kombe. Huu ni mkato halali kabisa.

Hatua ya 6: Chelewa kidogo

Kati ya hatua moja ya mashindano na nyingine kuna vituo vya muda, na wageni wengi huumia hapo. Kanuni za rali za dunia zinasema kila dakika unayochelewa kituoni unaongezewa sekunde 10. Kila dakika unayowahi, unaongezewa dakika nzima. Yaani kuwahi kunaumiza mara sita ya kuchelewa! Basi ukifika mapema, simama kabla ya kibao, kunywa maji, kagua tairi, kaza nati za rimu, ingia kwa dakika yako. Usijaribu kukatiza porini ili ufupishe njia. Kuna waandishi wa muda, na siku hizi kwenye rali kubwa kila gari lina kifaa cha setilaiti kinachokuchongea.

Hesabu hizi ndogo ndizo zinazoamua makubwa. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikuwa imefukuzwa na Idi Amin mwaka uliotangulia, alilingana adhabu na Harry Källström wa Sweden. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baada ya hapo alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Hatua ya 7: Weka hesabu yako mwenyewe

Ukitoka mnyonge usimwachie mtu mwingine kalamu. Huko Marekani wana mbio za NASCAR, magari yenye sura ya magari ya barabarani yanayozunguka uwanja, mara nyingi wakikata kushoto tu. Wendell Scott, Mmarekani mweusi aliyewahi kuwa dereva teksi na fundi, alishinda huko Jacksonville tarehe 1 Desemba 1963. Bendera ya ushindi akapewa Buck Baker, mzungu. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wameshaondoka, ndipo wakubwa wakakiri kwamba Scott ndiye aliyeshinda. Alifariki 1990, na familia yake ilikabidhiwa kombe rasmi 2021. Mdogo wangu, kila nikifikia habari hii nakasirika upya. Andika muda wako kila kituo, kadi yako isainiwe mbele ya macho yako, na usiipoteze.

Mkato mwingine umetoka kwenye mchezo huohuo. Rajah Caruth, aliyezaliwa 2002, alijifunza mbio kwenye kompyuta nyumbani, kwa usukani wa mchezo wa iRacing, kabla hajaingia gari halisi. Machi 2024 alishinda mbio za pikapu za NASCAR pale Las Vegas. Ukipata rafiki mjini mwenye kompyuta na usukani, msaidie kazi zake zote.

Pasipo na mkato

Nimekuonyesha pa kupunguza. Hapa usipunguze kitu. Helmeti, mikanda na kizimba cha mabomba ndani ya gari, nunua vizima au subiri mwaka mwingine. Na usifanye mazoezi ya mbio kwenye barabara ya Muze wala ya Laela. Pale kuna watoto wanatoka shule, kuna mama mwenye ndoo ya migebuka kichwani, na hakuna kati yao aliyesaini fomu ya mashindano. Kijana anayemgonga mtu hawi dereva wa rali tena, hata akiwa na kipaji cha namna gani. Subiri barabara ifungwe kwa mashindano, leseni iwe mkononi, daktari na gari la wagonjwa wawepo.

Hatua ya mwisho: Shindwa kwa heshima

Siku itafika gari likufie porini. Usipige teke tairi, kuna kamera. Shuka upande salama, weka pembetatu nyekundu angalau mita 50 nyuma ya gari, na uwaonyeshe wanaokuja kibao cha OK wajue mko wazima. Msoma ramani afanye hivyo huku wewe unatazama kilichovunjika. Kama ni shokapu au propela shafti, kuna matumaini. Rali nyingi za ngazi ya dunia zinaruhusu aliyekwama leo aanze tena kesho kwa adhabu ya muda, mradi gari litengenezwe na likaguliwe. Wenye majina makubwa wakitoka hivyo, wengine huenda hotelini kulala. Wewe ukivutwa hadi kambini, nenda kwanza kwenye meza ya waandaaji ukiwa na tope lako hivyohivyo, waambie unaanza tena kesho, halafu ndiyo uulize fundi yuko wapi.